Sufuria ya Verna na Springi ya Babu

Jumapili, 12 Novemba
Springi ya bunduki ya babu imekatika. Dukani wamenicheka: bunduki hii iliacha kutengenezwa kabla mama yangu hajazaliwa. Na msimu wa kuwinda paa unafunguliwa tarehe 25! Mwaka jana nilikosa dume aliyesimama akinitazama. Shemeji Delmar, kaka wa mke wangu Verna, akanikata upindo wa nyuma wa shati kwa mkasi, kama desturi ya kambi yetu kwa anayekosa, akaupigilia ukutani na jina langu juu. Mwaka huu, ng'o!

Delmar huandika safu ya ushauri wa bunduki katika gazeti la wilaya. Anajua kila kipuri kilipo. Nimwombe yeye? Afadhali niwinde kwa manati.

Jumanne, 14 Novemba
Hata risasi za bunduki hii haziuzwi tena. Verna alipokwenda kwaya, nikayeyusha madini ya risasi jikoni, ndani ya sufuria yake kubwa ya sikukuu, nikajitengenezea. Nzuri mno! Sufuria nimeisugua, nimeirudisha kabatini. Wasiwasi kidogo. Mjukuu wetu Hattie anakuja, ndio kwanza anatambaa.

Wazo! Nimemwandikia Delmar gazetini kwa jina la "Mwindaji Mwenye Haya". Springi naipata wapi? Na sufuria iliyoyeyushiwa risasi husafishwaje, mke asijue? Sijisifu, lakini mimi ni mjanja.

Alhamisi, 23 Novemba, Sikukuu ya Shukrani
Nyumba imejaa. Bata mzinga mezani. Verna akiponda viazi akakumbuka gazeti, akatusomea safu ya kaka yake. Delmar anamwambia Mwenye Haya kwamba springi atampa yeye, anayo ya bunduki mbovu ya aina hiyo hiyo. Risasi iyeyushwe nje, watoto wakae mbali, mtu anawe na kubadili nguo. Na sufuria ile haisafishiki tena. Sumu haionekani, na watoto ndio inaowaharibu akili kwanza. Itupwe leo leo.

Verna akacheka, mjinga gani huyu, maskini mkewe! Akamchotea Hattie kijiko cha kwanza.

Ndipo nikaiona sufuria ya viazi: ni ile ile. Nilipiga yowe. Kijiko nilikipiga kofi kikagonga dirisha, sufuria nikaibeba na viazi vyake nikaitupa uani. Delmar akanitazama, akasema, "Aa. Mwenye Haya, karibu mezani."

Verna alilia. Nami nililia, sioni aibu kuandika. Hattie hakuonja hata kidogo, namshukuru Mungu. Delmar amekiri kwenye barua hakunitambua kabisa. Kumbe najua kujificha!

Jumamosi, 25 Novemba
Springi ya Delmar safi kabisa. Bunduki imelia kama enzi za babu. Dume nimemkosa. Sasa nina vipande viwili ukutani. Delmar alicheka hadi akakohoa, kisha akanivika koti lake, maana mgongo ulikuwa wazi na theluji inaanguka. Si mtu mbaya, ila asijue nimesema hivyo.

Jumapili, 26 Novemba
Nimeyeyusha risasi nje, bandani, kama Verna alivyoamuru. Nimenawa. Nimebadili nguo. Mtiifu! Nguo zenye vumbi la risasi nikazitia kwenye mashine ya kufulia. Baadaye nikaona ndani mlikuwa na joho lake la kwaya.

Nimwambie? Thubutu! Nimemwandikia Delmar gazetini. Safari hii nimejiita "Mjane wa Kilimani". Hatanijua.