Ghala Lililojaa kwa Mbele

Jumatatu, 15 Agosti

Mchele umepanda tena dukani Losuia. Mfuko mdogo sasa ni wa kuulizia bei tu, si wa kununua. Dada yangu Ibwatena amerudi na kapu tupu, tena leo hii binti yake Isuvana kapata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Alotau! Ada ya kushika nafasi inatakiwa mwisho wa mwezi. Dada akaniangalia. Kwetu mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Nikasema jambo hilo liko mikononi mwangu. Mikononi nilikuwa na tambuu tu.

Bahati haimtupi mwanamume! Jioni kaja Delma, afisa wa kilimo, na mradi wake wa kuinua kipato cha sisi wakulima. Boti ya mradi itanunua viazi vikuu, viuzwe mjini kwa walioshindwa na mchele. Nusu ya malipo boti ikipakia. Nusu nyingine Delma akija mwenyewe kuona ghala limepungua, maana wachuuzi hununua vya watu wakajifanya wakulima. Nimejiandikisha wa kwanza. Kusema kweli, wa kwanza na wa mwisho. Wengine wote waliangalia vidole vya miguu.

Jumanne, 16 Agosti

Nimekumbuka kwa nini waliangalia vidole.

Viazi vilivyo ghalani mwangu kalima shemeji yangu Giyosala, kaka wa mke wangu. Mwezi uliopita kaja kunijazia, mabaragumu yakilia kijiji kizima. Ghala likionekana pungufu mapema hivi, ni sawa na kumtemea mate. Mwanamume wa hapa huacha viazi vioze palepale, wapita njia waone kwamba kwake hakuna njaa. Mwaka mmoja vyangu vilioza hadi ndege wakabadilisha njia. Mashahidi wapo, ila wengi wamekufa.

Nimekaa nikawaza. Ghala ni magogo yenye mianya. Watu huona viazi vya pembeni tu. Nani kawahi kuona vya katikati? Basi natoa vya katikati, najaza makumbi ya nazi. Serikali haijui imekosa mtu gani!

Mke wangu Bokaraiwa kasema akili zangu zimetangulia, mimi nimebaki nyuma. Wivu.

Alhamisi, 18 Agosti

Kazi imekwisha! Watu wakiwa shambani, tumetoa vikapu arobaini. Boti imepakia, imeondoka. Nusu ya fedha nimempa Ibwatena. Kalia. Mimi pia machozi yalinitoka, kwa sababu ya moshi. Hapakuwa na moto, lakini moshi ulikuwepo.

Ukisimama njiani, ghala linapendeza kuliko zamani. Makumbi hayanywei kama viazi. Nimejiapiza kutolitaja mbele ya mtu yeyote.

Jumamosi, 20 Agosti

Mechi ya kriketi na kijiji cha jirani. Kiapo kimedumu hadi wakati wa chai.

Kosa ni la Monubuyo, mrusha mpira wao, mtu mwenye miguu kama kamba na mdomo kama baragumu. Kasema mwaka huu hakuna mwanamume atakayefika Oktoba na ghala la maana. Kaniangalia mimi. "Hasa wewe, mjomba. Wewe unashiba maneno." Ningenyamaza vipi? Nikasema langu halijapungua hata kiazi kimoja. Nikasema magogo ya chini yamepinda. Nikasema jua likiwa utosini ghala huguna lenyewe, kama mwanamke mjamzito.

Kumbe Giyosala alikuwa nyuma yangu. Macho yamemlowa kwa fahari! Kanikumbatia mbele ya timu zote mbili. Kasema Jumanne atakuja na wazee wa ukoo wake waone jasho lake.

Nimefika nyumbani nikakuta ujumbe wa Delma. Anakuja kukagua Jumanne.

Jumatatu, 22 Agosti

Sina hofu. Ghala lina pande mbili, na wageni ni makundi mawili. Wazee watasimama mbele, waone viazi. Delma nitampeleka nyuma, ambako leo nimeondoa viazi vyote. Bokaraiwa atawashika wazee kwa tambuu. Kauliza je, Delma akizunguka? Nikamwambia maafisa huwa hawazunguki, husaini.

Jumanne, 23 Agosti

Delma kazunguka.

Alianza vizuri nyuma, karatasi mkononi, Isuvana pembeni yake. Kachungulia kwenye mwanya. Kauliza makumbi ni ya nini. Nikasema ya joto. Akaenda mbele, akaona ukuta wa viazi, na wazee sita wakiusifu. Kasema kwa sauti ya shule: "Baba, hujauza kitu. Vyako umevifunika kwa makumbi, ulichopakia umenunua kwa watu. Siwezi kusaini." Akafunga kalamu.

Giyosala alisimama kati ya wazee, kifua bado kimejaa.

Ningeweza kunyamaza. Jina langu lingebaki juu kama mnazi. Lakini nikamwangalia Isuvana. Hakunilaumu, mtoto yule. Alikuwa anaanza kunitabasamia, ili nisijisikie vibaya.

Nikapanda ghala. Nikavuta kiazi kikubwa cha mbele.

Vingine vikaanza kuzama ndani kimoja kimoja, kama watu wanaotoroka ibada. Kisha makumbi yakamwagika! Mzee mmoja yalimfika magotini. Delma akasaini akiwa amejishika mbavu. Njiani Monubuyo, sijui katoka wapi, akalala chini akicheka.

Giyosala aliokota kumbi moja, akaligeuza, akalinusa. Nikangoja shoka. Kasema taratibu: "Shemeji, ungeniambia tu. Mwaka ujao nitakuletea makumbi moja kwa moja, nipunguze jasho." Kisha akauliza fedha zilikuwa za nini. Nilipomweleza, akachukua kiazi kirefu kuliko vyote vilivyobaki, akampa Isuvana ale njiani.

Ijumaa, 26 Agosti

Isuvana kaondoka na boti ya asubuhi, ada kamili. Kanipungia hadi nikashindwa kumwona. Moshi tena.

Watoto wananiita Baba Makumbi. Kelele za chura.

Delma kaitisha mkutano kabla ya kupanda boti. Kasema vanila ina soko zuri, mradi unatafuta mkulima mzoefu wa kuwafundisha wengine. Wote wakaangalia vidole vya miguu. Monubuyo akanitazama, akatabasamu.

Nimemwambia Delma nina mashina mia tatu, nilianza kabla hajazaliwa. Anakuja kuyaona Alhamisi.

Kesho nitatafuta mtu anionyeshe vanila. Sijui hata ni mti au ni mnyama.