Ombi la Kufungia Jina la Hinrich

Osterwarf, Frisia Mashariki
Jumatano, 12 Novemba 1958

Kwa Bwana Msajili wa Vizazi na Vifo,

Ndugu Folkerts, salamu na heshima zikutangulie.

Ninakuandikia nikiwa na akili timamu, ingawa mke wangu Wiebke ana shaka na hilo. Siku yoyote kuanzia leo atajifungua mtoto wetu wa kwanza. Akiwa msichana, barua hii uiwashie jiko. Akiwa mvulana, mila yetu unaijua: mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama yake, na anayekwepa huhesabiwa amemzika mzee wake angali anakula. Sasa baba yangu ni Hinrich. Baba mkwe ni Hinrich. Mimi mwenyewe, kama saini itakavyokuonyesha, ni Hinrich. Wiebke ameapa kwamba Hinrich mwingine akiingia nyumba hii, yeye atatoka, ataenda kwa mama yake. Na baba kila asubuhi hupita dirishani akiuliza, "Hinrich wangu hajafika tu?" Nampenda mke wangu, nampenda baba yangu, na sina ujasiri wa kumwambia yeyote kati yao hapana. Kwa hiyo naomba ofisi yako inisemee: jina la Hinrich lipigwe marufuku kwa miaka thelathini.

Sababu zangu ni hizi.

1. Jina limezidi. Mwalimu alitufundisha kwamba hapo kale maana yake ilikuwa mtawala wa nyumba. Wafalme wakalipenda, wakapokezana. Waingereza wakalichukua wakasema Henry, Wafaransa wakasema Henri, Waitaliano Enrico. Silalamiki kwamba walichukua. Nalalamika kwamba walituachia mengi mno. Osterwarf ina wanaume arobaini na mmoja, na kumi na tisa kati yao ni Hinrich. Kuhusu kutawala nyumba, waulize wake zao.

2. Kwa kuwa babu zangu wote wawili walikuwa Hinrich, mimi na mdogo wangu tulipewa jina hilo hilo. Yeye huitwa Hinrich Mdogo, naye ana urefu wa mlango. Mimi ndiye Hinrich Mkubwa, na napita chini ya kwapa lake nikiwa na kofia. Mama alipoita, "Hinrich, kuni!" kila mmoja alijua anaitwa mwenzake. Tulikula Krismasi mbili kwenye baridi. Mama alikuwa akisema, "Nimezaa Hinrich wawili, na wa kutumwa sina hata mmoja!"

3. Mwaka jana daktari wa meno alikuja shuleni, akaita, "Hinrich, ingia." Akaingia Hinrich wa Mbuzi, aliyekuwa amepeleka maziwa tu. Aling'olewa jino zima. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mtu kasoma vile, nimkatize?" Mwenye jino bovu, Hinrich wa Daraja, aliambiwa limeshatoka, akarudi nyumbani akipiga mluzi na shavu limevimba.

4. Masika ya mwaka huu alifariki Hinrich wa Kinu, Mungu amrehemu. Kengele ikalia, na nusu ya kijiji ikaja kwetu na mashada. Baba aliwapokea mlangoni, akawamiminia chai vikombe vitatu vitatu kama inavyopasa, nao wakampa pole kwa kifo chake. Alikula keki yote ya msiba wake akasema imekauka. Tangu hapo haongei na watu wawili ambao hawakufika kumlilia.

5. Fikiria siku ya kiama, Ndugu Folkerts. Malaika ataita, "Hinrich wa Osterwarf!" Tutainuka wote kwa pamoja, wema na wabaya, hata Hinrich wa Mbuzi anayetia maji kwenye maziwa. Nani atatutenganisha? Wewe utakuwa umeshastaafu. Ukifunga daftari leo, utakuwa umeisaidia hata mbingu.

Naomba tangazo liandikwe kwa herufi kubwa na kupigwa muhuri. Mimi nisitajwe. Baba akikuuliza, mwambie limetoka juu.

Nisalimie mama watoto, mama mkwe wako na goti lake, karani wako, na Hinrich wote utakaokutana nao njiani. Utachoka, lakini wasalimie.

Ni mimi mtiifu wako,
Hinrich Tammen (Mkubwa)

Tanbihi: Leo ni Alhamisi; barua ilikuwa bado haijafungwa. Mtoto amezaliwa alfajiri, mvulana, ana sauti. Baba alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Akasema, "Mwiteni mnavyotaka, wanangu. Kelele zenu nimezisikia hadi kwangu. Sitaki mtu akose mke kwa ajili yangu." Wiebke alimtazama mzee yule, akasema, "Baba, usisimame huko kama mgeni. Njoo umpakate Hinrich, na kichwa ukishike vizuri." Baba alilia, nami nililia, na mkunga akatufukuza wote wawili.

Basi kuhusu marufuku, msimamo wangu haujabadilika, ila ianze Jumatatu. Sisi tunakuja kumwandikisha Ijumaa.