Naomba Mvua Jumamosi

Jumatatu, 12 Januari

Janga. Madam Tufaha, bosi wetu, ametangaza kwamba ofisi nzima itakwenda kupanda miamba kule milima ya Hatta, mpakani na Omani. Kwa kamba! Kwa hiari yetu! Alisema baridi hii ndiyo nafasi pekee, maana wakati wa joto jiwe lingetuunguza viganja. Ghanim, mkuu wa ghala, ana kamba na mishipi ya kufunga kiunoni ya kuwatosha watu wote.

Isaiah, karani mwenzangu, akauliza kwa sauti ya kufika hadi mapokezi kama na mimi nitapanda, maana hata chakula cha mchana nakula nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo. Tuko ghorofa ya tatu. Ivy wa mapokezi akacheka. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nimezaliwa mlimani na miamba ndiyo uwanja niliochezea.

Nimezaliwa Mwea. Mwea ni tambarare kama meza. Mlima Kenya tuliuona kwa mbali, asubuhi zisizo na mawingu.

Madam akafurahi mno. Akasema basi Alfred, yaani mimi, ataongoza, na kwa kuwa ndiye anayeandika taarifa ya hali ya hewa kwa ajili ya malori ya kampuni kila asubuhi, atuchagulie na siku. Kisha akatukumbusha mimi na Isaiah kwamba tuko kwenye majaribio, kiti ni kimoja, na atamtangaza wa kubaki baada ya safari.



Jumatano, 14 Januari

Nimepata mpango. Nitachagua Jumamosi yenye mvua. Asubuhi yake nitaahirisha kwa huzuni, nikitikisa kichwa kama daktari. Heshima itabaki, na miguu itabaki chini. Jumamosi hii ina wingu kubwa jeusi kwenye utabiri. Nimeitangaza. Sijui kwa nini watu huona maisha ni magumu.

Ijumaa, 16 Januari

Wingu limeondoka! Jana lilikuwepo, nimelala nikiliwaza. Leo kuna jua, duara la manjano linanitazama. Nimefungua ukurasa upya, nimezima simu, nimeiwasha. Jua.

Nikaenda kwa madam, nikamwambia kuna upepo wa hatari milimani. Isaiah akanyoosha kidole dirishani. Bendera ya jengo la pili ilikuwa imelala kama taulo. Nikasema upepo wa mlimani na wa mjini si ndugu. Madam akanitazama kwa muda. Akaisogeza safari hadi tarehe 24, akasema haitasogezwa tena.

Jumatatu, 19 Januari

Mvua! Utabiri umebadilika mchana kutwa, lakini kila ukibadilika mvua inazidi. Niliingia kwenye kikao na sura ya msiba. Nikatangaza polepole: Jumamosi, milimani, mvua kubwa. Nikangoja waniambie pole.

Wakapiga makofi.

Ghanim alinikumbatia. Alinibusu paji la uso! Akawapigia simu ndugu zake, akaanza kupanga jiko la kuchomea nyama na birika kubwa la karak, chai yao ya maziwa na iliki. Nilipouliza kwa sauti ndogo kama hatuahirishi, madam alinitazama kana kwamba nimependekeza tuahirishe Idi.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa mvua yaja mara ngapi? Watu huenda kuipokea."

Kwetu ikinyesha tunakimbia kuanua mpunga. Hawa wanaifuata! Wanaifuata na nyama!

Alhamisi, 22 Januari

Nimewasomea kwamba sheria hairuhusu kukaa mabondeni wakati wa mvua. Ghanim akasema anajua, ndiyo maana tutapanda asubuhi. Mvua ni ya jioni, saa sita mchana khalas, kwisha, tumeondoka. Magari tutayaegesha kwenye wadi, ule mto mkavu ulio chini ya mwamba, kwa sababu ndipo penye kivuli. Isaiah akauliza, kwa upole wa kinafiki, kama mtoto wa mlimani anaogopa umande.

Jioni nikafanya mazoezi chumbani kwetu, mtaa wa Al Nahda. Nilipanda ngazi ya kitanda cha ghorofa hadi kwa Yekoniya, mlinzi kutoka Mbale, anayelala juu yangu. Kupanda kulikwenda vizuri. Kushuka kukakataa. Yekoniya aliporudi kazini alinikuta nimekumbatia mto wake, macho nimefumba. Akanibeba begani hadi chini bila kushangaa. Aliuliza tu kama miguu nilikuwa nimenawa.

Jumamosi, 24 Januari

Niko hai. Naandika hilo kwanza.

Tulifika Hatta mbingu zikiwa buluu tupu. Isaiah akasema kiongozi hutangulia, na wote wakaona ni haki. Ghanim akanifunga mshipi, akashika kamba. Nikapanda. Juu kidogo kuliko paa la gari, mwili ukagoma. Nikalikumbatia jiwe. Madam akaniita, nikazidi kulikumbatia. Isaiah akaanza kunipiga picha.

Kwa kuwa sikuweza kutazama chini, nikatazama pembeni. Na pembeni, kwenye pengo kati ya vilima viwili, upande wa Omani, mbingu ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Waliokuwa chini hawakuweza kuiona. Nikapiga kelele kwamba mvua inanyesha kule, maji yatashuka, waondoe magari kwenye wadi. Isaiah alicheka hadi akakaa kwenye mkeka. Ghanim akaniambia kwa huruma nivute pumzi, jua linawaka. Wiki mbili nimewatisha kwa upepo, mvua na sheria. Nani angeniamini?

Madam peke yake hakucheka. Alinitazama tena kwa muda.

"Toeni magari," akasema. "Yalla, haraka. Wote juu barabarani."

Nilishushwa kama gunia. Magari yakapanda, watu wakanung'unika, chai ikaachwa juu ya jiko. Tulikuwa bado tunabishana mlio ulipokuja, kama malori yetu yote yamewashwa kwa pamoja. Kisha maji. Rangi ya kakao, yamebeba mawe, yakapita palepale tulipokuwa tumeegesha. Na jua likiwaka! Jiko la Ghanim likaenda. Birika likalifuata, wima, kama mgeni anayeaga. Mkeka wa Isaiah sikuuona hata ukipita.

Isaiah alifuta zile picha bila kuombwa.

Jumatatu, 26 Januari

Madam alituita wote asubuhi. Akatangaza kwamba kiti ni changu. Kisha akaeleza sababu, mbele ya watu, mbele ya Ivy!

"Nimemchagua Alfred kwa sababu ni mwoga," alisema. "Toka siku ya kwanza nilimwona aogopa. Mwoga hutazama kila upande, na malori yangu nataka yatazamwe hivyo."

Akaongeza kwamba ningemwambia tu ukweli, angeniacha chini nichome nyama. Isaiah hafukuzwi. Ghanim amemchukua ghalani, ambako hakuna cha kuogopa isipokuwa panya. Alinipa mkono, akasema hongera, bro mwoga, na nadhani alimaanisha mema.

Nimethibitishwa! Mama atalia akisikia. Lakini mwoga? Hivyo hivyo, kwa kinywa kipana?

Mchana Ivy aliniletea chai. Akakaa upande wangu, mbali na dirisha. Akasema taratibu kwamba hata yeye akiwa juu hushikwa na kizunguzungu, na kwamba hakuna aibu. Ningeweza kunyamaza. Chai ilikuwa nzuri, na yeye alikuwa karibu. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mimi si mwoga hata kidogo, ila kwa asili ni mtu wa maji.

Macho yake yakang'aa. Kumbe madam anapanga safari nyingine, ya kupiga mbizi baharini kule Fujairah, na amekosa wa kuongoza! Kabla sijameza chai, Ivy alikuwa ameshakwenda kumwambia. Wamerudi wote wawili wakitabasamu. Madam ameniomba nichague siku.

Nimekulia majini, huo si uongo. Mashamba ya mpunga. Yalinifika magotini.

Nimefungua utabiri wa bahari. Jumamosi ya tarehe 7 Februari: upepo mkali, mawimbi makubwa. Nimeitangaza hiyo. Mvua sawa, lakini hakuna binadamu anayetoka kwake kwenda kupokea mawimbi.