Daftari la Bwawani

Siku ya nne ya safari, kabla jua halijapanda vizuri, Shemeji aliegemea ukuta wa sitaha ya juu akamtazama daktari wa meno akitandika taulo. Daktari alitandika moja, akarudi nyuma kuikagua, akatandika ya pili. Alipomaliza alikuwa amejitwalia vitanda sita vya kuotea jua kando ya bwawa, na familia yake ilikuwa ya watu wanne. Kitanda cha tano alikiwekea kandambili. Cha sita alikiwekea gazeti, na sijui nalo lilikuwa limechoshwa na nini. Kisha akashuka zake kwenda kunywa chai.

Shemeji lilikuwa jina la kazi. Alimwita kila mtu shemeji, na kila aliyeitwa hivyo alibaki akijiuliza ni dada yake yupi, na wakati anajiuliza, Shemeji alikuwa ameshapata alichotaka. Ukimuuliza anafanya kazi gani, alisema anahangaika. Kuajiriwa hajawahi. Aliwahi kuuza nafasi ya kumi na moja kwenye foleni ya mkate ulioisha, na aliyeinunua alimshukuru.

Safari hii, hata hivyo, hakuja kutafuta riziki. Alikuja kutafuta mke. Mama wa mchumba wake alikuwa amestaafu ofisi ya vizazi na vifo, dirisha namba tatu, miaka thelathini na moja. Kiinua mgongo kilipotoka alikata tiketi tatu za meli: yake, ya binti yake, na ya huyo anayesema anamtaka binti. Alitaka kumtazama kwa karibu mahali ambapo hawezi kukimbia. Binti mwenyewe alikuwa fundi wa miwani. Alimwona Shemeji vizuri kabisa, na bado alimpenda.

Siku ya kwanza Mama alisema anataka jambo moja tu, kitanda kando ya bwawa, na Shemeji akaapa kwamba atakipata. Siku ya kwanza hakikupatikana. Ya pili hakikupatikana. Ya tatu Mama alishinda ameketi kwenye ngazi ya bomba la kuogea miguu, mkoba mapajani, akirushiwa maji na kila anayepita. Jioni alimwita Shemeji pembeni.

"Baba," alimwambia, "kitanda kimekushinda hapa ndani ya meli. Huko nchi kavu mwanangu utamlaza wapi?"

Shemeji hakulala vizuri. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa pale ukutani mapema, roho juu.

Vitanda mia mbili vilikuwa vimetandikwa taulo na havikuwa na mtu hata mmoja. Watu ndio walikuwa wamesimama, mikoba begani, wakizunguka bwawa na kuangaliana kwa chuki. Mgawa taulo aliwatazama kwa huruma akaendelea kukunja taulo zake. Kando yake palikuwa na meza ndogo, na juu ya meza, daftari jipya la jalada gumu. Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, mafundo matatu, kama kalamu za ofisini zinavyofungwa zisiondoke na wateja.

Macho ya Shemeji yalimetameta. Alikuwa amekulia kwenye foleni, akajua jambo ambalo wenye vyuo vikuu hawajaliandika bado. Watu waliochoka kusubiri hawamuulizi mwenye daftari katumwa na nani. Wanachouliza ni namba yao.

Akavuta kiti, akaketi, akapiga mistari. Namba moja akaandika kabini ya Mama. Namba mbili akajiandika mwenyewe. Halafu akakunja uso kama karani.

Hazikupita dakika mbili akaja mwalimu mkuu mstaafu, kaptula yake imepigwa pasi. Aliuliza kama hapa ndipo pa kujiandikisha.

"Leo tumechelewa kidogo, shemeji," alijibu Shemeji, na huo haukuwa uongo. Akamwandika wa tatu. Mwalimu mkuu alifurahi sana kuona mambo yanafuata utaratibu, akageuka kuwataka wengine wajipange, mmoja nyuma ya mwenzake, wasisukumane. Muda si muda foleni ilizunguka bwawa. Kila kitanda kilikuwa na namba imechorwa mguuni, basi Shemeji aligawa kwa zamu, wa asubuhi na wa baada ya chakula cha mchana, na taulo zisizo na watu mwalimu mkuu alizikunja mwenyewe na kuzirudisha kwa mgawa taulo.

Daktari wa meno alirudi kutoka kwenye chai akakuta watu thelathini wamesimama mbele ya kandambili zake. Walimuuliza kwa pamoja kama ameandikishwa. Akaja mezani amefura, akidai yeye ndiye wa kwanza, aliamka mapema kuliko wote. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama anazungumzia vitanda hivi vya juani, au ameshaandikishwa kwenye orodha ya kivuli.

"Kuna ya kivuli?" aliuliza daktari.

Shemeji akatazama kushoto, akatazama kulia, akafunika ukurasa kwa kiganja. "Mimi sijasema kitu, shemeji."

Daktari alirudi mbio na taulo zote sita, pamoja na gazeti. Aliomba kwa unyenyekevu awekwe kwenye ile nyingine. Shemeji akafungua ukurasa mtupu, akaandika Kivuli, na chini yake akamweka wa kwanza. Na kweli alikuwa wa kwanza, maana wa pili hakuwepo. Asubuhi nzima daktari na familia yake walisimama chini ya ngazi wakisubiri kuitwa, na kila aliyepita walimtazama kwa kumhurumia.

Kitanda namba moja na namba mbili vikawa wazi, pembeni kabisa ya maji. Shemeji akafunga daftari, akajinyoosha, akainuka kwenda kumwita Mama.

"Unaenda wapi?" aliuliza mwalimu mkuu.

Alisema anatoka mara moja. Foleni nzima ikanung'unika. Daftari litabaki na nani? Akija mtu akabadilisha namba? Akitoka nalo, nani atajua zamu yake? Mwanamke mmoja alisema kwa upole kwamba msalani angeruhusiwa, ila asindikizwe. Shemeji akaketi tena, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alihisi joto la kiti cha kazi.

Mama alikuja mwenyewe, binti akiwa nyuma yake amebeba mkoba. Alitembea taratibu kufuata foleni kutoka mkiani hadi kichwani bila kuvuka mtu, akasimama mbele ya meza.

"Namba moja nani?"

"Wewe, Mama."

"Namba mbili?"

"Mimi, Mama."

Mama alifungua mkoba akatoa kalamu nyekundu. "Mwandishi hajiandiki," alisema. "Ni utaratibu." Akamkata Shemeji kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jina la binti juu yake. Kisha akaufunga ule uzi wa kalamu kwenye mguu wa meza, fundo la nne, akaenda kulala.

Saa nne msimamizi wa sitaha alitokea, kofia nyeupe, redio kiunoni. Shemeji aliona kwamba mambo yameharibika. Lakini msimamizi alitazama foleni iliyonyooka, akatazama vitanda vilivyokuwa na watu juu yake, akakaribia kulia. Miaka sita alikuwa akitafuta mtu wa namba hii. Alimvisha kizibao cha njano pale pale na kumwambia ameajiriwa hadi meli itie nanga. Shemeji akafungua mdomo kukataa. Ndipo akamsikia Mama, kutoka kitanda namba moja, akimwambia jirani yake, "Yule wa kizibao ni wa kwetu." Akafunga mdomo.

Siku tatu alikaa juani akiandika. Pua ilimchubuka, kidole kikaota sugu, na mguu wake haukugusa maji.

Alasiri ya mwisho kurasa zilimwishia. Alipofunua ukurasa wa nyuma kabisa alikuta umeshaandikwa, kwa wino mwekundu na mwandiko ulionyooka, tarehe ile waliyopanda meli. *Anitafutie kitanda*, ulisema, na pembeni palikuwa na tiki. *Akae kazini*, tiki. *Apewe binti.* Hapo palikuwa wazi.

Alitazama ule uzi wa mafundo, akaelewa daftari lile lilifikaje mezani. Alimtapeli daktari wa meno, na muda wote huo yeye mwenyewe alikuwa kwenye orodha ya mtu mwingine. Akaangaza huku na huku, akashika kalamu, na haraka haraka akajitilia tiki ya tatu.

Kivuli kiliangukia ukurasa. Mama alikuwa amesimama juu yake, kofia kichwani, akiitazama ile tiki ya buluu.

"Tiki ni wino mwekundu," alisema, akaitoa kalamu yake.

Shemeji akanyoosha mkono kuipokea. Mama akampita, akampa binti.

"Mwandishi hajiandiki," alisema. "Mwanangu, kama unamtaka kweli, weka wewe."

Binti akavua miwani ya jua, akavaa ile ya kusomea, akausoma ukurasa wote tangu juu. Foleni nzima ilingoja. Kisha akaweka tiki.