Kijapani kwenye Kanzu ya Ami Seif

Jamaa zangu wa jukwaa letu la mtandaoni, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Si nguo za kweli. Tulieni.) Naandika mbio mbio kabla mama hajainua simu ya mezani mtandao ukanikatikia.

Mnajua kwamba mie nachora nembo za biashara. Yaani, nnataka kuchora. Mpaka juzi kazi yangu ya pekee ilikuwa kadi ya harusi ya dada yangu. Baba anasema kuchora si kazi, nikasome uhasibu. Basi Ami Seif, ndugu yake baba, aliponipigia kuniambia anafungua duka la kushona kanzu Madinat Sultan Qaboos, na nembo nimchoree mie, niliruka kama mtoto siku ya Idi.

"Lakini nnataka Kijapani," akasema Ami.

"Kijapani vipi, Ami?"

"Maandishi, mwanangu! Kitambaa changu cha Japani, asli kabisa. Lakini yule Khalfan mwenye duka la mbele yangu anawaambia watu changu bandia. Nnataka mtu akilitupia jicho duka langu tu, ajue."

Nikamuuliza maandishi yaseme nini.

"Yaseme chochote, bora yawe mazuri. Nani Maskati atayasoma?"

(Hapa ndipo mtu mwenye akili angesita. Mie nilishukuru.)

Kijapani sikijui hata neno moja. Nikaizunguka nyumba yetu nzima hapa Darsait, nikaishia jikoni. Tuna sufuria ya umeme ya kupikia wali, baba aliibeba mwenyewe kutoka Japani aliposafiri kikazi. Juu ya mfuniko ina herufi nyekundu, mistari miwili, zimejipanga kwa heshima zake. Nikazitazama. Zina haiba! Nikazinakili moja moja, nikaziingiza kwenye kompyuta, nikazipaka dhahabu, nikazizungushia duara.

Ami alipoiona, machozi yalimlengalenga. "Hii inaonesha uaminifu," akasema. "Kazi ya mababu."

Nikamwambia ndicho hasa nilichokusudia. (Muongo mie.)

Nembo ikaenda kwa watengeneza mabango wa Wadi Kabir, ikarudi bango la taa, linang'aa mpaka barabarani. Kumbe Ami bado hajatosheka. Akataka na kanzu yake ya siku ya ufunguzi itarizwe nembo, tena kwa nyuma.

"Nikiwa msikitini, watu wa safu ya nyuma waione."

Mkewe, Bi Zuwena, akaruka. "Watu wanakwenda kusali, Seif, si kusoma matangazo!"

Ami keshaamua. Akamwambia fundi: "Itie nyuma, kubwa, katikati."

Fundi ni mtu wa kufuata amri. Akaipima kanzu kutoka shingoni mpaka kwenye pindo, akaigawa sawasawa, akatariza. Sasa fikirini wenyewe, katikati ya kanzu ya mtu mzima, kwa nyuma, pana nini.

Leo ndio ufunguzi. Halwa ipo, kahawa ipo, ubani unafuka, ukoo mzima umejaa. Baba kaja na kilemba chake cha sikukuu, na kwa masikio yangu nikamsikia anamwambia rafiki yake, "Nembo hii kachora binti yangu." Nilivimba! Nikaenda kusimama chini ya bango, anaetaka kunipongeza asipate tabu kunitafuta.

Ndipo wakaingia mke na mume, Wajapani. Mume kaalikwa harusi na mwenzake wa kazini, anataka kushonewa kanzu. Mke anasema Kiarabu, polepole lakini kimenyooka. Ami kuwaona tu, akainua mikono juu.

"Alhamdulillahi! Mungu kaniletea shahidi!" Akatoka mpaka mlangoni. "Khalfan! We Khalfan! Njoo usikie mwenyewe!"

Khalfan akavuka njia, wateja wake nyuma. Duka likajaa pomoni. Ami akampa mgongo yule mama wa Kijapani, akajinyoosha, akaivuta kanzu isiwe na mkunjo.

"Tafadhali, ukhti. Wasomee."

Yule mama akainama kidogo. Akasoma. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

"Khatar," akasema yule mama kwa Kiarabu chake.

"Hatari?" akauliza Ami, bado kageuka, bado anatabasamu.

"Ndio. Imeandikwa..." akawa anatafuta maneno. "'Tahadhari. Mvuke wa moto hutokea hapa.'"

Kijiko cha mtu kikaanguka kwenye sahani ya halwa.

Yule mama akaona bora amalize kazi aliyoombwa. Akaongeza kwa upole: "'Usisogeze uso.'"

Ya Rabbi! Khalfan alikaa chini, sakafuni, kofia huku, yeye kule. Bi Zuwena kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtetemeka, anasema, "Miaka yote hii nnasema mie, hakuna anaenisikiliza!" Na baba, nikamsikia anamwambia yule yule rafiki yake, "Huyu binti kafuata upande wa mamaake."

Yule mama masikini akadhani kakosea adabu. Akashika ukosi wa kanzu ya Ami, akaupapasa, akasema, "Lakini kitambaa hichi ni cha kwetu kweli. Kizuri sana."

"Umesikia, Khalfan?" Ami akapiga kelele. "Umesikia?"

Khalfan hakusikia kitu. Alikuwa analia.

Ami akaniita nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nikajua nimekwisha. Nikamuuliza, "Bango tulishushe, Ami?"

Akachungulia nje. Watu wamejaa mpaka barabarani, wanaitana waje wamuone Ami wa mvuke, na wengine wameshaanza kuchagua vitambaa.

"Tutalishusha," akasema. "Lakini si leo."

Akatoka, akavuta kiti, akakaa kaegemea ukuta. Wateja kawapokea akiwa kakaa, wageni kawaaga akiwa kakaa. Mpaka naondoka hakuinuka.

Yule mama kaahidi kuniandikia maneno ya kweli, yenye maana ya duka la nguo. Nitamwomba anisomee mara mbili, mbele ya mashahidi.

Nakuombeni msicheke. Na ambae hawezi kujizuia, basi acheke kwa lugha ninayoifahamu.