Gunia la Mbegu la Dada Josephina

Jumatatu, 8 Julai 1996
Dada Josephina kaniletea gunia la maharage. Mbegu zake zote! Fukusi wakiyatoboa, mvua zikija hana cha kupanda. Kanikabidhi mimi nimhifadhie. Angempa nani? Mimi niliyemkazia macho kiboko kule Usevya mpaka akaona aibu, akarudi majini. Jirani Machibya kasema nichanganye na majivu ya samadi, basi. Majivu! Mimi nimekaa semina ya bwana shamba pale Shanwe. Niliondoka katikati, supu ilikuwa inapoa. Nusu inamtosha mwenye kichwa.

Jumanne, 9 Julai
Nimechemsha majani ya utupa, yale ya kulewesha samaki. Kama yanamwangusha kambare, fukusi ni nani? Nimemwagia gunia sufuria nzima, nikalifunga kamba lingali linachuruzika, dawa isitoroke. Mke wangu Imakulata kauliza tangu lini mbegu zikahifadhiwa mbichi. Nikamwambia hakufika semina. Kasema hata mimi sikufika, nilipita. Mwanamke huyu!

Ijumaa, 12 Julai
Gunia lina joto kama mgonjwa. Safi. Fukusi wana homa. Machibya kapita na ng'ombe wake, kanusa, kaniuliza eti mtani, pombe yako inaiva lini. Wivu.

Jumapili, 14 Julai
Josephina katoka kanisani moja kwa moja kuangalia mbegu zake. Tukafungua. Hakuna fukusi hata mmoja! Ila maharage yameota mikia, mengine yana ukungu. Dada kakaa chini, kashika kichwa. Kasema kaka, nilikupa mbegu umenirudishia bustani. Kisha kalia, kalia kweli. Nikamweleza kwamba mbegu iliyoota imetangulia tu. Haikusaidia. Machibya kaja bila kuitwa, kamwaga yote mkekani, wakachambua mpaka jioni. Limepona debe moja, la katikati, ambako dawa haikufika. Wamelichanganya na majivu. Mbele ya macho yangu!

Jumatatu, 15 Julai
Dada kahamishia debe lake kwa Machibya. Nikipita wanafunga mlango. Sawa. Lakini nimewaza. Lile debe halikuguswa na dawa, na fukusi hawakulisogelea. Maana yake walikimbia harufu tu! Dawa yangu ni kali kuliko nilivyodhani. Shemeji Stanslaus, Inyonga, ana magunia matatu ya njugu mawe. Nimempelekea salamu kwa dereva wa basi: asiguse kitu, mtaalamu yuko njiani.