Kabureta Aliyoitaka Mama Urbain

Jumatatu, 6 Agosti 1962
Jumamosi Émilienne anaolewa. Pikipiki moja itatangulia gari la bi harusi kutoka kanisani. Moja tu! Ya Cyrille wangu, au ya Urbain wa jirani. Baba ya Émilienne ameamua: itakayowaka vizuri asubuhi hiyo ndiyo itapita mbele. Cyrille ametanua silinda kwa mikono yake. Mutoto nimezaa! Sasa injini inataka kabureta nyingine. Urbain naye katanua yake. Kuiga tu.

Jumanne, 7 Agosti
Kwa fundi Joachim. Tangu Katanga iwe nchi peke yake, vipuri vinapitia Rodezia, kwa shida. Joachim iko na kabureta mbili tu, ndogo na kubwa. Cyrille kapima, kafikiri, kachagua ndogo, tuje kulipa kesho. Kichwa cha marehemu baba yangu. Joachim akakubali, akasema kubwa ameiomba Mama Urbain, ingawa ingezamisha injini za vijana wote wawili kwa esansi, petroli kupita kiasi. Ameiomba? Kubwa? Sikusikia mengine.

Jumatano, 8 Agosti
Nimerudi kwa Joachim peke yangu na kitenge changu kipya cha harusi. Mke wa Joachim alikishika, hakukiachia tena. Joachim akaanza kunionya. Nikamwambia, “Papa Joachim, minye nimelea watoto sita. Hakuna aliyekufa kwa kushiba.” Nikaondoka na kubwa. Mama Urbain alipofika akakuta ndogo tu. Kaibeba uso umemwanguka. Nilikula bukari sahani mbili.

Alhamisi, 9 Agosti
Cyrille amenuna. Eti tukabadilishane na Urbain. Nani akapige hodi kwa yule mwanamke? Nimekataa. Akaifunga. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi juu ya mashuka niliyoanika. Nguvu hiyo! Buji, ile plagi ya kuwashia, imelowa esansi. Itazoea.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimevaa kitenge cha zamani. Urbain kapiga teke moja, pikipiki ikaimba. Cyrille wangu alipiga teke mpaka akavua koti. Esansi ikachuruzika mlangoni mwa kanisa, padri akaziba pua. Baba ya Émilienne akamwita Urbain mbele. Harusi yote ikaondoka, sisi tukabaki tunasukuma. Mama Urbain alipita karibu yangu taratibu. “Asante, Mama Cyrille. Urbain alitaka ile ndogo tangu mwanzo. Ni minye nilikuwa nakatala.”
Asante! Mbele ya watu!

Jumapili, 12 Agosti
Cyrille ameniomba kwa upole nisimsaidie tena. Mutoto wa huruma, ameona nimechoka. Lakini baada ya misa nimesikia Mama Urbain anaulizia kabureta mbili kule Kambove. Mbili kwa injini moja! Kesho alfajiri niko barabara ya Kambove kabla yake. Nitaleta tatu. Injini ya kuzitosha, Cyrille atatafuta.